Jiwe la Bi Kinue

Wanaosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawajakaa jirani na Yasuhiro. Mimi nimekaa. Nilimwona akitambaa, nikamwona akivaa sare za shule, na nilikuwepo asubuhi ile aliporuka jiwe la mama yake. Nikikumbuka, damu bado inanichemka.

Mama yake, Bi Kinue, aliolewa hapa mjini Matsue akiwa hana kitu ila sanduku la nguo na bakuli moja la chai. Alichoma keki za samaki sokoni, mikono ikanuka moshi mpaka alipostaafu. Mumewe alikuwa fundi wa kukandika kuta, mtu wa ulimi mkali, lakini alimjengea mkewe kibanda cha chai nyuma ya nyumba kwa udongo uliobaki kwenye kazi za watu. Mlango wake ulikuwa mfupi; hata meya angeingia kwa magoti. Humo, kila Jumamosi, Bi Kinue alitukorogea chai ya kijani: mimi, muuza tofu, mke wa kinyozi, yeyote aliyepita.

Siku asizotaka mtu afike kibandani, aliweka njiani jiwe la ukubwa wa ngumi lililofungwa kamba nyeusi. Kwetu jiwe hilo ni amri. Paka hulipita, lakini mtu akilikuta hugeuka, hata kama hakuna anayemwona. Kulifunga kamba ilikuwa kazi ya Yasuhiro tangu akiwa mdogo. Mara moja nilitaka kulivuka nikachukue mwavuli wangu, akanikemea: "Shangazi! Huoni jiwe? Adabu yako iko wapi?" Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mzee alipofariki, nyumba ikawa ya huyohuyo Yasuhiro, aliyekuwa akiishi Osaka. Akaja na mipango yake.

"Mama, kibanda kimeoza. Tukivunje, tujenge vyumba vya watalii."

"Nimesikia," akasema Bi Kinue.

Nimesikia! Jioni nikamvamia jikoni kwake. "Mwenzangu, huo mdomo ni wa kulia wali tu? Mwambie hutaki! Kibanda ndiyo maisha yako!"

"Atajua," akanijibu, akiendelea kuosha kome.

Watu husema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mimi nilitega masikio mpaka nikachoka.

Asubuhi waliyokuja wabomoaji, jiwe lilikuwa njiani. Kamba ilikuwa mpya, mafundo yamekazwa. Yasuhiro alikuwa mbele ya vijana wake wa kazi, alipoliona akasimama. Alilitazama kwa muda mrefu. Bi Kinue alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono ameificha ndani ya aproni. Nikiwa upande wangu wa ua nikasema moyoni, kumbe mwenzangu ana akili kuliko mimi.

Yasuhiro akatazama saa yake. Akanyanyua mguu, akaliruka.

"Njooni, njooni! Jiwe tu hilo!"

Wale vijana waliinamisha vichwa, wakapitia pembeni, juu ya kuvu ya kijani iliyoota ardhini. Hakuna hata mmoja aliyelivuka. Kufika adhuhuri kibanda kilikuwa lundo la udongo, na mimi sauti imenikauka kwa kupiga kelele.

"Huna haya! Udongo huo baba yako aliukanyaga kwa miguu yake!"

"Shangazi, haya ni mambo ya nyumbani kwetu."

"Na shukuru! Yangekuwa ya kwangu, ningekuvunjia ufagio mgongoni!"

Bi Kinue aliliokota jiwe, akaliosha bombani, akaingia nalo ndani. Nilimkasirikia yeye pia, tena sana.

Mwezi wa nane, siku za kuzipokea roho za wafu, tulijua Yasuhiro angekuja kutoka Osaka kumfukizia baba yake ubani. Bi Kinue aliniita mapema. Nilipofika mlango wa mbele nikakuta jiwe limewekwa kizingitini, kwa kamba ileile nyeusi. Nikazunguka nikaingilia jikoni, na sitaficha, nilifurahi kama niliyeshinda bahati nasibu. Tukaketi chumba cha mbele, nyuma ya pazia la mianzi; sisi tuliona nje, aliye nje hakutuona.

Akaja, shati limemganda mgongoni kwa jasho, mkononi ana boksi la peremende za chai. Akaliona jiwe. Alinyanyua mguu kidogo, akaurudisha. Kisha akaliweka boksi chini, kando ya jiwe, akainama mpaka kiuno kikakunjika, akakaa hivyo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelowa. Akageuka kuelekea kituo cha basi.

"Safi kabisa," nikanong'ona. "Sasa amejua."

Hapo ndipo nilipotazama sinia iliyokuwa mbele ya Bi Kinue. Kulikuwa na mabakuli matatu, na la tatu lilikuwa lile alilokuja nalo alipoolewa. Unga wa chai ulikuwa ndani tayari, unangoja maji.

Mwanamke huyu ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti aliinuka, akaipiga sinia teke, akakimbilia mlangoni pekupeku. Alipiga kelele mpaka kinyozi akatoka na wembe mkononi.

"Siku ile uliweza! Siku ile uliruka! Leo ndiyo miguu imekufa? Yasuhiro! Leo ndiyo nilitaka uruke!"

Basi lilikuwa limeshakata kona.