Jaketi Lililobaki Koboko

Mwezi uliopita tulifungua sanduku la marehemu bibi yangu huko Koboko, na kabla sijaona kilichomo nikasikia harufu ya sponji iliyolowa ikakauka vibaya, na matope ya Nile. Nikaketi chini. Mama alidhani namlilia bibi.

Chini ya vitenge kulikuwa na jaketi la kuelea, la rangi ya machungwa, namba saba mgongoni.

Nilikuwa na miaka kumi, tukiishi Dadamu, nje ya mji wa Arua. Mjini kulikuwa na chama cha mtumbwi, watu waliojitolea tu, wakitupakia watoto kwenye pikapu kila Jumamosi hadi mtoni, watufundishe kupiga kasia, kukaa chini, na kushikilia mtumbwi ukipinduka. Mkubwa wao alikuwa Mwalimu Keji, mkimbizi wa Sudan Kusini, mwembamba, mcheshi, lakini mkali kwa jambo moja: asiye na jaketi hapandi. Alihesabu majaketi, akahesabu vichwa, halafu akarudia.

Mimi, kwa kupenda sifa, nililichukua langu kimyakimya nikamwonyeshe bibi. Jumapili nikalivaa kutoka stendi ya Koboko mpaka kanisani, kifua mbele, jasho likinitiririka. Wauza mihogo walishika mbavu. Bibi alinitazama weee, kisha akauliza, "Sasa we mutoto, huku maji iko wapi?" Kwa furaha yangu nililisahau nyuma ya mlango wake.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Keji alihesabu mara tatu. Moja halikuwepo.

"Nani iko na jaketi nyumbani?"

Nikatazama miguu yangu. Ningesema, ningebaki ukingoni siku hiyo, basi. Lakini wenzangu wangenicheka mpaka Krismasi, na mimi kuchekwa sikuweza.

Akavua lake, akanivalisha, akakaza mikanda hadi nikakohoa. Akaninong'oneza, "Jumamosi ingine utarudisha." Alijua. Nami nikaona raha, Mungu anisamehe.

Katikati ya mto upepo mkali ulitupiga, mtumbwi ukalala ubavu, tukamwagika. Kupinduka tulikuwa tumeshakufanyia mazoezi, kwa hiyo nilicheka. Maji yalinichukua huku nikicheka. Mwalimu aliwafuata wawili akawarudisha, wakashika mtumbwi pamoja na wengine. Kisha akanifuata mimi.

"Lala mugongo!" alipaza sauti. "Lala mugongo, nakuja!"

Nikalala chali kama alivyonifundisha, nikatazama mawingu, nikamngoja. Walionifikia ni wavuvi.

Msibani kwa Mwalimu hakuna aliyeniuliza habari za jaketi, nami sikusema. Bibi naye hakulitaja mpaka kufa kwake. Kumbe alilificha.

Kwa miaka mingi nilijiambia Mwalimu alinipenda sana, nikaishia hapo. Siku hizi ninafundisha mimi pale mtoni, na ninamkasirikia. Alivunja sheria yake mwenyewe ili anisitiri. Mwalimu, ungenitaja tu. Ungeniaibisha mbele ya wote, ningelia, ningenuna kwenye pikapu mpaka Dadamu, na Jumatatu ningekuwa nimesahau. Ungekuwepo.

Namba saba nimelirudisha. Limeoza, halielei tena, nimelitundika ukutani tunapohesabia. Likipungua jaketi moja, hatuingii majini, sote. Watoto hununa njia nzima kurudi Arua. Nawaacha wanune.