Gari Lililozima Mlimani

Juzi niliona gari likivutwa kwa kamba pale Mosocho, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni tulipokuwa tukimkimbiza nyanya hospitalini Kisii. Gari la mama, la aina iliyosifiwa na kila mtu, lilikuwa limetoka kutengenezwa na kampuni iliyomuuzia. Tulipopita Ikonge likazima mlimani, likinuka mpira ulioungua. Pande zote kulikuwa na majani chai tu. Mama alimpigia simu fundi wa kampuni.

“Lilete kesho, madam, tuliangalie tena,” fundi akasema.

Kwenye kiti cha nyuma, nyanya alikuwa akipumua kwa shida, kisha akanyamaza. Nilidhani amepata usingizi. Mama aligeuka kumtazama, akaegemea usukani, akalia. Nilidhani analilia gari.

“Usilie, mama,” nikamwambia. “Watalitengeneza.”