Maana ya Kufungiwa

Jirani yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, alipaka geti lake rangi nyekundu. Chama cha wenye nyumba mtaani kwetu kilitaka mageti yote yawe meupe, na katiba yake ilisema mwanachama mkaidi "atafungiwa". Sisi wazee tulioiandika tulimaanisha kuzuiwa vikao, kama mchezaji anavyofungiwa mechi. Mwenyekiti mpya, mwenye vyeti ukuta mzima, akaja asubuhi na mlinzi, akalizungushia geti mnyororo na kufuli. Fundi na mkewe walikuwa ndani.

"Umefungiwa, bwana mkubwa!"

"Fungua, ndugu yangu. Mama watoto anasubiriwa hospitali kusafishwa damu."

"Kwanza paka rangi."

Fundi akaenda kuchukua nyundo kubwa. Kwa pigo la tatu bawaba ziling'oka, geti likamwangukia mlinzi, na mfupa wa mguu wake ukalia kama kuni kavu. Mwenyekiti alipomkwida shati, fundi alimtwanga ngumi, meno mawili yakabaki kwenye kokoto.

"Na hayo yafungie!"

Mkewe akapita juu ya geti, akawahi hospitali.

Hakimu alisema chama kinaweza kumzuia mtu vikao, hakiwezi kumgeuza mahabusu nyumbani kwake. Lakini kwa ule mguu, fundi alipewa miezi sita jela.

Zamani aliyechukia rangi ya geti lako alikuja kukutukana mlangoni, kisha akakaribishwa chai. Siku hizi watu wanatumiana minyororo. Mke wa fundi, shemeji yangu, sasa namsindikiza mimi hospitali.