Shujaa Asiye na Zipu

Kila Jumamosi, ikishapita saa nane mchana, wanaume kumi na mmoja wenye ndevu zao na kazi zao walipanda ngazi za jengo moja bovu, wakajifungia kwenye chumba cha juu na kugombana kuhusu chupi. Si chupi zao. Chupi za mashujaa wa filamu: je, shujaa azivae juu ya suruali kama walivyozivaa wale wa zamani, au hiyo ni aibu ambayo dunia ilishaivuka?

Chini ya ngazi hizo hizo palikuwa na kibanda cha cherehani, chembamba kiasi kwamba mteja mnene aliingia kwa ubavu. Humo aliketi fundi ambaye mtaa mzima ulimwita Shangazi. Kwa damu alikuwa shangazi wa mmoja tu kati ya wale wa juu, yule waliyemwita Mwenyekiti, ila jina lilishaenea, hata watu wenye mvi kumzidi walimwita hivyo. Mbao za sakafu yao ndizo zilizokuwa dari lake, kwa hiyo alisikia kila neno, apende asipende.

"Rangi ni za watoto!" Mwenyekiti alikuwa akinguruma huko juu. "Tunataka uhalisia! Giza!"

"Basi zimeni taa mkae," Shangazi alijibu chini kwa chini, pini tatu mdomoni.

Mwenyekiti ndiye aliyeongoza kambi ya giza. Kwa imani yake, filamu yenye mwanga wa kutosha kumwona mtu uso ilikuwa katuni. Shujaa sharti awe na kinyongo, anyeshewe na mvua, aongee kama mwenye donda la koo, na wazazi wake wawe wameuawa, ikiwezekana mbele ya macho yake. Mwenyekiti mwenyewe wazazi wake wote wawili walikuwa wazima bukheri, na mama yake bado alimpigia pasi mashati.

Kambi ya pili, ya watu wanne tu, iliongozwa na mwalimu wa darasa la pili waliyembandika jina la Upinde, kwa kuwa alitaka rangi zote saba. Yeye alitaka joho jekundu linalopepea na shujaa anayecheka. "Mtu anakutoa kwenye ghorofa linaloungua," aliuliza kila wiki, "halafu kanuna! Si bora uungue tu?"

Shangazi alimpa Upinde nusu ya haki. Nusu nyingine alimnyima, maana naye hakuwahi kutunga uzi kwenye tundu la sindano.

Maisha yake Shangazi hayakuwa na joho wala mvua. Miaka ishirini na sita alikuwa akishona sare za shule: sketi za kijivu, kaptura za kaki, mashati meupe, kisha tena sketi za kijivu. Mumewe aliaga asubuhi moja kwamba anakwenda kunyoa nywele, na Shangazi alipenda kusema kwamba kwa muda aliokaa huko lazima ameshanyolewa mpaka ubongo. Akabaki na cherehani. Watoto wa shule nne walikaa madarasani wakiwa ndani ya mishono yake, wakaparamia miti, wakapigana, mishono isiachie. Na katika miaka yote hiyo hakuna mzazi hata mmoja aliyegeuza kola ya mwanawe akauliza: hii kashona nani?

Ndiyo maana karatasi moja ya tangazo, iliyosambazwa mtaani, ilimgusa mahali. Ukumbi wa sinema wa mjini ulitangaza shindano: kila kikundi kibuni shujaa wake kipya na kumvisha. Vazi litakaloshinda litawekwa kwenye kabati la kioo pale mlangoni mwaka mzima, na chini yake kadi yenye jina la fundi aliyelishona. Shangazi aliisoma mara tatu. Halafu akaikunja akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vibiringo vya uzi.

Mpwa wake aliposhuka ngazi na mchoro mkononi, hakuhitaji kubembeleza.

"Shangazi, shikamoo. Tuna kazi ya sanaa."

"Marahaba. Lete nione." Akautazama mchoro. Ulikuwa mweusi wote, kama aliyeuchora alimwaga wino akakosa kitambaa cha kufutia. "Mikono iko wapi?"

"Ndani ya giza."

"Na huyu anaitwa nani?"

"Kisasi."

"Wazazi wamekufa?"

"Wote wawili."

"Pole zake. Shingo inchi ngapi?"

Mvaaji alikuwa mpakuzi wa saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kijana mpole wa mabega kama mlango wa gereji, aliyeitwa Kabati. Filamu hazikumsumbua, walimchagua kwa kuwa ndiye pekee kati ya marafiki zao ambaye kifua chake kilitangulia tumbo. Shangazi alimpima kila mahali, akaandika, akampima tena. Kwa wiki tano alishona sare mchana na Kisasi jioni: ngozi bandia nyeusi juu, sponji katikati, bitana ndani. Kifua peke yake kilikuwa na vipande kumi na vinne kuizunguka nembo, vimekutana bila kukunjamana hata uzi mmoja. Shangazi alikuwa akikipitishia kiganja kama mtu anayepapasa shavu la mtoto aliyelala.

Akaja kwenye suala la zipu.

"Naiweka hapa ubavuni, chini ya kwapa," aliwaambia wote kumi na mmoja, waliokuwa wamebanana mlangoni pake. "Haitaonekana."

Walimtazama kama aliyetukana msiba.

"Shujaa hana zipu, Shangazi," alisema Mwenyekiti taratibu, kama anafundisha. "Ukiona zipu, umeona mtu. Uhalisia umekufa."

"Uhalisia! Na huyo mtu wa uhalisia anaingiaje humo ndani?"

"Hilo ni suala la kiufundi."

Kwa mara ya kwanza tangu chama kizaliwe, kambi mbili zilikubaliana. Upinde naye alisema zipu inaua ndoto. Wakapiga kura: kumi na moja kwa sifuri. Kabati aliyekuwa avae hakuulizwa, na kura hakuwa nayo. Ikapitishwa kwamba siku ya shindano Shangazi amshonee Kabati vazi mwilini, kwa mkono, mgongoni kutoka kisogoni hadi kiunoni, kwa mshono usioonekana.

Angeweza kukataa. Alijua ni upuuzi wa digrii ya tatu. Lakini mshono usioonekana ulikuwa fahari yake, na kadi ile ilikuwa ikimchezea kichwani. Akasema haya.

Siku ya kulikabidhi vazi alilitundika kwenye msumari, likasimama lenyewe kama mtu. Wale kumi na mmoja walinyamaza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kisha mmoja akasema, "Ni safi mno."

Wakalishusha, wakalitoa uani. Mmoja alikuwa na msasa, mwingine ndoo ya majivu, wa tatu alikuja na pikipiki. Shangazi alisimama mlangoni mkasi shingoni, akiangalia watu wazima wakisugua mabega ya vazi kama masufuria, wakilifunga kwa kamba na kuliburuta juu ya kokoto, mzunguko baada ya mzunguko, huku Mwenyekiti akipiga kelele: "Upande wa kushoto! Kushoto hajateseka!"

"Kwa nini msimpe tu mbwa alichezee?" Shangazi aliuliza.

"Shangazi, shujaa amepigana."

"Amepigana na nani? Jana tu alikuwa kitambaa."

Usiku huo aliziba nyuzi mbili zilizokatika kifuani, akajiambia mishono bado ipo, na mwenye jicho ataiona.

Shindano lilikuwa saa tisa alasiri. Saa nane Shangazi alimsimamisha Kabati nyuma ya pazia, akamfunga ndani ya vazi kwa uzi wa kushonea viatu, akatumia karibu nusu saa. Alipokata uzi, hata yeye hakuona alikoanzia.

"Unapumua?"

"Kidogo," sauti ilitoka ndani, kama mtu aliye kisimani.

Saa tisa mgeni rasmi hakuwa amefika. Saa kumi alifika, akahutubia. Alihutubia kuhusu nafasi ya sanaa, na alipomaliza nafasi akaanza na umuhimu. Taa za jukwaa ziliwaka zote. Kisasi alisimama mstarini kati ya shujaa wa mabati na shujaa wa manyoya, na Shangazi, aliyekuwa pembeni ya jukwaa, aliona kwanza kichwa cha kijana kikiinama. Halafu akaanza kuyumba, mbele, nyuma, kama nguzo inayofikiria kuanguka. Kutoka shingoni jasho lilichuruzika likachora mistari kwenye majivu.

"Ona uzito wa huzuni yake," Mwenyekiti alinong'ona, macho yamemlegea.

"Huzuni gani, mjinga wewe? Mtu anaiva!"

Kabati akaenda chini kwa mshindo ambao ukumbi mzima uliusikia miguuni.

Shangazi alikuwa ameshafika. Aliingiza kidole mgongoni kutafuta mshono wake, akaukosa; aliuficha vizuri mno. Kuufumua kungechukua robo saa, na midomo ya kijana ilikuwa imeshabadilika rangi. Akamgeuza chali. Kifua kilikuwa pale mbele yake, vipande vyote kumi na vinne.

"Nyuma, Shangazi!" Mwenyekiti alikuwa akiruka ruka. "Kata nyuma! Mbele kuna nembo!"

"Pembeni ya nembo!" alisema mwingine. "Kwa mshazari, ionekane ni panga!"

"Mkate mguu kwanza, mguu hauna maana!"

Hata hapo wakaanza kubishana. Shangazi alitia mkasi kooni akashuka nao moja kwa moja, nembo na vyote, mpaka kitovuni, akavuta kwa mikono miwili. Ngozi bandia ilichanika kwa sauti iliyompitia yeye mwenyewe mbavuni. Kabati alivuta pumzi kama aliyeibuka majini. Alibaki amelala katikati ya maganda meusi, amevaa kaptura ya ndani nyekundu yenye nyota za njano.

"Hizo ndizo rangi!" Upinde alipaza sauti kutoka viti vya nyuma, na watu wake watatu wakapiga makofi.

Ukumbi nao ukadhani ndiyo wakati. Makofi yakazagaa kila mahali. Majaji watatu walisimama. Mmoja, wa miwani, alichukua kipaza sauti akasema hajawahi kuona kifo cha shujaa kilichoigizwa kwa ujasiri wa namna hii, na mpasuko ule, mbichi, usio na huruma, ndio uhalisia uliokuwa ukikosekana. Shangazi alikuwa akimnywesha Kabati maji kwa kifuniko cha chupa, hakumsikia vizuri.

"Tumemaliza?" Kabati aliuliza.

"Tumeshinda!" Mwenyekiti alimwambia, akalia.

Nusu saa baadaye meneja wa ukumbi, mwanamke wa viatu vya kisigino na haraka nyingi, alifungua kabati la kioo. Vazi lilikuwa limetundikwa humo, limeachama kutoka kooni hadi kitovuni, sponji imetoka nje kama matumbo ya godoro. Alishika kadi nyeupe na kalamu.

"Fundi ni nani? Nipe jina kamili."

"Nipe vazi siku mbili kwanza," Shangazi alisema. "Nilifunge kifua. Halafu nitakupa jina."

"Aa, aa!" Mwenyekiti akaingia kati mikono imetandazwa. "Ukilishona umeliua, Shangazi! Mpasuko ndio ushindi!"

"Majaji wamesema libaki lilivyo," meneja aliongeza, akitazama saa. "Ni hivi hivi au tumwite mshindi wa pili. Jina, mama?"

Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Shangazi alilitazama vazi. Aliona mwanamke fulani akipita na mtoto wake wa shule, anasimama, anasoma kadi, anatazama huo mdomo wazi, anasema: kumbe ndivyo anavyoshona huyu.

"Sikushona mimi hicho," alisema.

"Shangazi!" Mpwa wake alishtuka kweli. "Tunakupa heshima!"

"Heshima hiyo kavae wewe. Nilichoshona mimi mlikiburuta kwa pikipiki, na kilichobaki nimekikata mwenyewe kumtoa mtu mliyemkaanga. Andika majina yao, mama. Wako kumi na moja, watakutosha."

Akamfunga Kabati kiunoni kwa mabaki ya bitana, akampa bega, wakatoka naye nje kwenye hewa. Nyuma yao zogo lilikuwa limeshaanza: nani awe wa kwanza kwenye kadi, aliyechora au aliyesugua? Na kadi yenyewe, kwa nini iwe nyeupe?

Shangazi aliipita milango ile ya sinema mwezi mmoja baadaye, akiwa na furushi la sketi za kijivu kichwani, akasimama dakika moja. Kadi ilikuwa nyeusi. Herufi zake zilikuwa nyeusi pia, ila zimepauka kidogo. Aliinama, akakaza macho, akasogea mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo, na bado hakuambulia hata herufi moja. Akacheka peke yake mpaka furushi likataka kumponyoka, na mlinzi akamuuliza kama yuko salama.