Mbwa wa Karani wa Mizani

Mpaka leo ukiniuliza mbwa wa miezi saba anatakiwa awe na kilo ngapi, nitakuambia kaulize kwingine. Mwaka wa tisini na saba hapa Muyama tuliulizana swali hilo kuanzia Pasaka mpaka kahawa ikakaribia kuisha mashambani. Hakuna aliyejua, na wote tulijibu.

Aliyelianzisha ni mzee Stanislaus, karani wa mizani wa chama chetu cha ushirika. Mimi nauza chai, maandazi na maharage mlangoni pa ghala la kahawa, kwa hiyo namjua miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumwona akishindwa na uzito. Ukishusha gunia, yeye analitazama kwanza, anasema, "Arobaini na mbili na nusu." Kisha linawekwa kwenye bapa la mizani, anasogeza jiwe kwenye ule mkono wa chuma, na mkono unatulia palepale aliposema. Halafu anapaza sauti, "Toa gunia!" Maana yake, punguza kilo moja ya gunia lenyewe, kwa sababu chama kinanunua kahawa, hakinunui katani. Watu walimwamini kuliko walivyowaamini shemeji zao. Naye alijua hivyo, ndiyo maana kofia ilikaa upande na kalamu ilikaa sikioni hata kanisani.

Februari mwaka ule mkewe, Theodosia, alifariki. Malaria ilimpanda kichwani, siku tatu tu, basi. Theodosia alikuwa mwanamke wa maneno machache na jicho kali. Kila mchana alikuja ghalani na chakula kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na kabla ya kumpa mumewe alimkagua juu mpaka chini. "Umepungua," anamwambia. Au, "Leo umejaa. Umekula kwa nani?" Tulikuwa tukisema Muyama ina mizani mbili, na ya Theodosia haihitaji jiwe.

Matanga yalipokwisha, binti yao Winifrida, muuguzi katika kambi moja ya wakimbizi kule Kibondo, alimletea baba yake mtoto wa mbwa. Mzungu mmoja wa kazini kwao alikuwa na jike kubwa kama ndama, likazaa. Winifrida alimpakata kwenye boksi, juu ya lori la chakula mpaka Kasulu, akafika huku amejaa vumbi mpaka kope.

"Usikae peke yako, baba," alimwambia. "Lakini huyu ni mbwa wa kukua sana. Mwenyewe kasisitiza: asinenepe, viungo vitaharibika, asikonde, hatakua vizuri. Awe na uzito wake tu."

"Uzito wake ni upi?"

Winifrida akacheka. "Baba, kati yangu na wewe, mjuzi wa uzito ni nani?" Akaondoka kuwahi gari.

Neno hilo lilimwingia mzee mpaka kwenye mifupa. Asubuhi iliyofuata alikuja kwangu, kikombe cha chai mkononi, hanywi. "Mama Ildefonsi, mama yake Winifrida kanifia mikononi. Nikimfisha na huyu mbwa, Winifrida atasema baba yake hajui kutunza kitu." Nilimkemea asiseme hivyo. Lakini niliona kwamba hatanii, na nilimwonea huruma sana.

Alimpa jina la Tani, kwa kujitania mwenyewe. Alikata ncha ya mkanda wake wa suruali, ule uliokuwa ukining'inia, akamtengenezea mkanda wa shingo. Na Jumamosi ya kwanza, wakulima walipokwisha kuondoka, alimpeleka kwenye mizani.

Tani hakukubali kusimama kwenye bapa. Aliruka, akalamba jiwe, akakojolea mguu wa mizani. Mzee akambeba kifuani, akapanda naye. Ukutani pale kulikuwa na namba 68 kwa chaki, aliyoiandika mwenyewe siku ile mizani ilipoletwa na kufungwa, alipojipima kuijaribu. Hakuna aliyethubutu kuifuta.

"Themanini," akasema, akisogeza jiwe kwa mkono mmoja. "Toa gunia! Kumi na mbili." Gunia, safari hii, lilikuwa yeye.

Mei mbwa akawa kilo kumi na tano, kisha kumi na nane. Juni mwanzoni, ishirini. Mzee alitembea kama aliyepata mjukuu. Halafu Jumamosi moja ikaja, ishirini. Jumamosi nyingine, ishirini. Ya tatu, ishirini.

"Amesimama," akaniambia.

"Amesimama vipi na kichwa kinafika mezani kwangu?" Siku hiyohiyo Tani alikuwa ameniibia maandazi mawili bila hata kuinua miguu.

"Mizani inasema amesimama."

Basi kila aliyeketi kwenye benchi langu akawa mganga. Mmoja akasema mbwa wa kizungu hukua kwanza kwenda juu, nyama hufuata baadaye. Mwingine akasema ni ugali wa muhogo, haumfai. Emile, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu aliyekuwa akipita kwa baiskeli kuuza vitenge, alimzunguka mbwa mara mbili.

"Papa, hii imbwa iko munene," akasema. "Kule kwetu Uvira, hii ni ya mapatroni, ya batajiri. Banaikulishaka nyama kidogo, hapana sahani ya mutu muzima."

"Kilo ishirini, Emile!"

"Eh! Ishirini tu?" Emile akamtazama mbwa upya. "Basi iko na njaa, papa. Ongeza."

Huo ndio ubaya wa namba. Macho ya mtu yanaona kitu, namba inamwambia kingine, na mtu anayaaibisha macho yake mwenyewe. Venanti, bwana mifugo wetu, naye alikuwa hivyohivyo. Alipitisha mkono ubavuni mwa Tani, akaubonyeza kama anayetafuta sarafu kwenye godoro.

"Mbwa mzima, mbavu zake uzisikie kwa vidole ila usizione kwa macho," akasema. "Hizi hata sizisikii. Mzee, huyu umemnenepesha."

"Jumamosi iliyopita alikuwa kumi na tisa. Amepungua moja!"

Venanti akaondoa mkono haraka. "Amepungua? Basi ni minyoo." Akatoa vidonge.

Mzee akaongeza. Tangu msiba alikuwa akila mchana kwangu, sahani ya maharage na ugali. Sasa anakula matonge mawili, sahani inakwenda chini ya meza. Nilimgombeza. Nilimwambia, mzee, mimi napikia watu. Akanijibu, "Nimeshiba, mama Ildefonsi. Huyu ndiye hajashiba." Jioni alisonga ugali kwa kipimo cha Theodosia, wa watu wawili, na wa pili alikuwa na miguu minne. Majirani tulizoea kumpelekea chakula wakati wa matanga. Tulipomwona anasonga mwenyewe, tukasema sasa amepoa, tukaacha.

Mwezi wa saba shingo ya Tani ikaujaza ule mkanda. Mzee akaja kuazima kisu changu na kupasha msumari moto kwenye jiko langu. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali yake, mbali na yale ya zamani, akakata kipande kilichobaki, akakiunga kwenye wa mbwa.

"Mkanda huo una baraka," nikamwambia, "unavika watu wawili." Nikacheka, wateja wakacheka, na yeye akacheka. Mungu anisamehe.

Kufikia hapo alikuwa amechanganyikiwa kweli, na kuchanganyikiwa kule kukaanza kuingia kwenye kazi. Alishuku mizani imeharibika. Akaleta mawe ya chama ya kujaribia, yale ya kilo ishirini ishirini. Akaweka moja: ishirini. Mawili: arobaini. Sawasawa, hata nusu haikukosea. Akaketi juu ya mawe hayo, kofia mkononi.

"Nikimbeba," akaniambia, "mikono inaniambia thelathini. Napanda, inakuwa kumi na tisa. Mizani haisemi uongo. Kwa hiyo aliyekwisha ni mimi. Nguvu zimekwisha, ndiyo maana kila kitu ni kizito."

"Uzee huo, karani," nikamwambia. Nilidhani namfariji.

Wiki ile mkulima mmoja wa siku nyingi alishusha gunia akangoja asikie. Mzee alilitazama. Akalizunguka. Akasema, "Weka tuone." Watu wakatazamana. Tangu hapo hakutaja uzito tena kabla ya jiwe kutulia, na "Toa gunia!" yake ikawa sauti ya mtu anayeuliza. Iliniuma kuliko nilivyotegemea. Mtu akipoteza mke anaweza kusimama bado, lakini akipoteza na kile anachokijua, anasimamia nini?

Agosti, Jumamosi, Winifrida akaja bila taarifa. Alinikuta nasugua sufuria, akanisalimu, akauliza baba yuko wapi, nikamwonyesha ghalani kwa kidevu. Tukaingia pamoja. Mzee alikuwa kwenye bapa, Tani kifuani, miguu ya mbwa ikining'inia mpaka magotini pake, mkia ukipiga mkono wa mizani. Jasho lilikuwa likimtiririka.

"Afadhali umekuja!" akasema. "Njoo uone mwenyewe, usije ukasema simlishi. Themanini na saba. Toa gunia! Kumi na tisa. Miezi miwili yuko palepale, nimempa kila kitu, mwanangu, naapa nimempa kila kitu."

Winifrida hakumtazama mbwa hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye. Kule kambini kazi yake ilikuwa kupima watoto, kutwa nzima anawatundika kwenye mizani, na nilimwona akimpitia baba yake shingoni, mabegani, kwenye mikono, kama anavyofanya kazini kwake.

"Gunia ni nini, baba?"

"Ni mimi. Sitini na nane." Akaonyesha ukuta kwa mdomo.

"Ya lini?"

"Ya siku zote."

"Mama Ildefonsi," Winifrida akasema polepole, "mshike mbwa."

Nikamshika Tani kwa ule mkanda wa vipande viwili. Alinivuta nusura anitoe bega. Mzee akabaki peke yake kwenye bapa, suruali imekunjamana kiunoni kama mdomo wa gunia lililofungwa. Jiwe akaliweka kwenye sitini na nane, kwa uhakika kabisa. Mkono wa chuma haukuinuka. Akalirudisha kidogo, sitini na tano. Haukuinuka. Sitini na mbili. Sitini. Alikuwa karani, hakuruka hata alama moja. Kwenye hamsini na saba mkono ukainuka, ukacheza, ukatulia.

Halafu uso wake ukafunguka, akageuka kwangu anatabasamu.

"Thelathini!" akasema. "Themanini na saba, toa hamsini na saba. Ni thelathini, mama Ildefonsi! Mikono yangu haikukosea!"

Nilitaka kufurahi naye. Nilishindwa.

"Na zile kumi na moja nyingine, baba," Winifrida akauliza, "ziko wapi?"

Alitazama namba ukutani, akatazama jiwe, akajitazama tumboni na kujishika pale palipokuwa pamejaa zamani. Tabasamu likamtoka taratibu. Nimeona watu wengi wakichanganyikiwa kwenye mizani ile, wakulima wanaodhani wameleta mengi wakakuta machache. Sikuwa nimemwona yeye.

"Sijui," akasema. "Theodosia angeniambia." Kisha akalia, amesimama palepale kwenye bapa, na ule mkono wa chuma ukawa unacheza juu na chini kila alipovuta pumzi.

Mimi nilikuwa nimeona. Niliona tundu la mkanda, niliona sahani inakwenda chini, na nikafanya mzaha. Nilitoka nikapakua maharage, sahani ya kufurika, nikamwekea mezani. Tani akaleta kichwa. Winifrida akakisukuma pembeni.

"Kula," nikamwambia mzee. "Leo nakutazama mpaka umalize."

Alikula yote.

Jumatatu Winifrida alimpeleka hospitali, wakampima damu na kifua, hawakukuta ugonjwa. Ilikuwa njaa tu, na ukiwa. Winifrida alirudi Kibondo, akaniachia maagizo marefu ya mzee na mafupi ya mbwa: Tani apunguziwe, maana kweli alikuwa amenenepa. Kama thelathini ni nyingi, basi iliyo sawa ni ngapi? Winifrida hakujua, Venanti hajui, nami nimeacha kuuliza.

Namba 68 mzee aliifuta kwa kiganja. Sasa kila Jumamosi anajipima yeye kwanza, kabla ya mbwa. Anapanda kwenye bapa, anashika jiwe bila kulisogeza, ananigeukia anangoja niseme. Mimi si Theodosia. Nasema sitini na moja, inakuwa sitini na tatu. Nasema umejaa, kumbe amepungua. Nakosea karibu kila wiki, lakini kabla ya kusema namtazama kwanza, juu mpaka chini.