Miezi ya Ubao wa Hotelini

Idrisa Faki, Mpemba, alikuwa mlinzi wa mlangoni katika hoteli moja ya West Bay, huko Uarabuni. Tulilala chumba kimoja Al Wakrah miaka sita, na hakuna mtu aliyenichosha kama yeye. Chanzo ni ubao. Mwaka 2013 hoteli ilitundika ukumbini nakala ya ubao wa kale wa kisiwa cha Rapa Nui, huko mbali Pasifiki, umechorwa vijitu, ndege na samaki. Meneja alisema ni maandishi, ila hakuna aliye hai anayeweza kuyasoma. Katikati yake kuna miezi mingi, imepangwa safu.

Basi Idrisa akapagawa. Kila akirudi kazini: "Leo nimemjua yule samaki. Akitazama juu mwezi unakua, akitazama chini unapungua."

Omondi, mlinzi mwenzetu wa Kisumu, alimwita Mkalimani. "Sasa Mkalimani, hiyo samaki imekuambia Idd ni lini?"

Tulicheka, lakini kalenda ilikuwa damuni mwake. Baba yake, Mzee Faki, ndiye aliyeshika hesabu ya miongo kijijini kwao: siku kumi kumi tangu Nairuzi, yaani mwaka mpya wa pwani, mwongo upi wa kupanda, upi wa kungoja. Hesabu hiyo haifundishwi kwa simu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwanafunzi hukaa na mwalimu asubuhi kwa asubuhi, mpaka Nairuzi irudi. Likizo yetu ilikuwa miezi miwili kila baada ya miaka miwili. "Mkataba huu ukiisha nakwenda kukaa na Baba," alisema, kisha akasaini mwingine, na mwingine tena. Nilimkasirikia, ingawa nami nilisaini.

Siku moja akafika hotelini mama mmoja, mtafiti wa maandishi yale. Idrisa akamweleza samaki wake.

"Kuhusu mwezi, wengi wetu tunadhani hivyo," yule mama alisema. "Zaidi ya hapo hatujui."

"Wenyewe hawakuulizwa?"

"Wajuzi wao walichukuliwa kwa meli, wakapelekwa ng'ambo kufanya kazi. Wengi walifia huko."

Jioni ile Idrisa hakula. Alimpigia dada yake Sabra, akamwambia anarudi, mkataba na uvunjike. Sabra akaangua kilio.

"Maji yameshamwagika, kaka. Baba kapata kiharusi tangu mwezi uliopita, hasemi. Hatukutaka kukutia wasiwasi ugenini."

Halafu akatuma picha: ukuta wa chumba cha Mzee, umejaa alama za makaa, vijiti, duara na miezi. Chini ya picha Sabra ameandika, "Ndiyo hesabu yake. Watu wanakuja kuuliza wapande lini. Tusomee, kaka."

Idrisa aliikuza ile picha kwa vidole. Akaigeuza simu juu chini, akairudisha. Omondi akasogea kitandani kwake, safari hii bila utani.

"Mkalimani, hii nayo inasema nini?"

"Sijui," Idrisa alisema. "Sijui hata inaanzia wapi."