Sanduku Lililokataa Umeme wa Lutema

Mwanangu, siku niliyolirudisha lile sanduku dukani naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Ilikuwa asubuhi, mimi na wifi yangu Minza tumetoka Sibwesa na basi la kwanza kuja Mpanda mjini, sanduku liko mapajani kwangu nimelifunga kitenge kama mtoto mgonjwa. Nilikuwa na hasira. Nilikuwa naenda kumwambia mwenye duka kwamba ametuuzia kitu kibovu. Laiti basi lile lingeharibika njiani.

Nakuambia haya kwa sababu nimesikia umenunua tela, na unaulizia gadi gani ya umeme uweke ili friji lako lisiungue. Na wote wanakujibu habari za friji. Mimi shule niliishia darasa la nne kule kwetu Mpimbwe, mambo ya umeme sikuyasoma kitabuni. Niliyasoma kwa mkono huu wa kulia, ambao vidole viwili mpaka leo havijui moto wala baridi. Basi kaa, unisikilize.

Tela letu lilikuwa la kulala watu, wakandarasi wa barabara waliliacha walipomaliza lami upande wa Ugalla. Ndani vitanda viwili, kabati, jiko la gesi na friji. Nje mwili wote ni bati na chuma. Masanja, mume wangu, alilinunua akatukabidhi mimi na dada yake Minza. Wao ni Wasukuma, wazazi wao walihamia huku na ng'ombe. Kazi yetu ilikuwa kufuata minada. Trekta linatuvuta, tunapaki karibu na mashine ya kusaga kwa kuwa ndipo umeme ulipo, tunavuta waya, tunapika wali na nyama, tunauza soda za baridi.

Minza alikuwa mrefu, mcheshi, na viatu hakuvipenda kabisa. Alisema miguu ikizoea viatu inakuwa mijinga. Tulitaniana kutwa.

"Nyie Wapimbwe," aliniambia, "mkikosa wali siku moja mnaandika wosia."

"Na nyie ng'ombe akikohoa mnaweka matanga."

Wateja walikuja kula, wengine walikuja kutusikiliza tu.

Friji la kwanza liliungua mwaka wa kwanza. Mashine ya kusaga ikizimwa ghafla, umeme unarudi kwa kishindo, na sisi tulichomeka hivi hivi. Ndipo tukamwendea Mzee Kasonso, fundi wa zamani aliyetandaza waya kwenye nyumba nyingi za Mpanda kabla macho hayajamchoka. Akaenda nasi mwenyewe dukani kwa Gervas. Kulikuwa na gadi za aina mbili. Moja nyepesi, ina taa tatu za kijani, inapendeza. Nyingine sanduku zito la chuma, lina taa moja nyekundu na moja ya kijani, bei yake imechangamka.

"Chukueni hili zito," Mzee akasema. "Hili halikupi umeme mpaka limeukagua. Ukizidi linakata, ukipungua linakata. Na likikuta hakuna waya wa ardhini, linakata vilevile."

Waya wa ardhini, mwanangu, ni ule unaotoka kwenye umeme ukaenda kufungwa kwenye fimbo ya shaba iliyozikwa chini. Umeme ukitoroka ukaingia kwenye bati la tela, njia yake ni hiyo. Kama hiyo njia haipo, umeme unasubiri. Unamsubiri mtu. Mzee alitueleza yote haya palepale dukani, na mimi nilikuwa naitikia "ndiyo Mzee" huku nafikiria soda.

Sanduku likafanya kazi vizuri minada mitatu. Wa nne tukapaki Sibwesa, kwenye mashine ya mtu anaitwa Lutema. Nimemtaja, na nitamtaja tena. Nikachomeka: taa nyekundu. Nikachomoa, nikasubiri, nikachomeka: nyekundu. Siku ya mnada yenyewe watu wamejaa, jua kali, soda zetu za moto kama chai, na kibanda cha jirani wanatoa soda zinatoka jasho la baridi.

Lutema akaja, vumbi la unga mpaka kwenye kope. Alinyoosha kidole kwenye sanduku akacheka, akaniita mama kwa Kisukuma. "Mayu, hilo lenu limesusa kama mke wa pili. Umeme wangu unasaga magunia ya kata nzima, wenyewe hauna kinyongo. Kibovu hicho mlichobeba."

Wafanyakazi wake walicheka naye. Sikujiuliza kwa nini wote walivaa mabuti ya mpira na mvua hakuna.

Ndiyo asubuhi yake tukapanda basi. Njiani Minza akasema, "Wifi, tumpigie kwanza Mzee Kasonso."

Nikamjibu, "Mzee hauzi soda."

Hilo neno nimelisema mimi. Simsingizii mtu.

Gervas alipotuona na sanduku hata hakuuliza tatizo. "Dada zangu, haya yana maringo, ni ya Wazungu. Kambini kwao umeme umenyooka kama rula. Huku kwetu chukua hizi za taa tatu. Tangu nianze kuziuza, hazijamkatalia mtu hata mmoja." Akatubadilishia, akaongeza na soketi ya bure. Nilitoka pale najiona mjanja.

Kituo cha basi tukakutana na Mzee Kasonso ana mkate kwapani. Akaiona ile gadi nyepesi, akaichukua, akaitikisa karibu na sikio.

"Lile jingine liko wapi?"

"Tumelirudisha Mzee. Lilikuwa linakataa umeme."

"Lilikataa umeme wa nani?"

"Wa Lutema, Sibwesa."

"Mlijaribu kwa mwingine?"

Minza akatikisa kichwa. Mzee hakupandisha sauti. Alinitazama mimi, si Minza. "Binti, lile sanduku lilikuwa linakwambia kitu. Wewe umelinyamazisha. Ukiona linakataa, huulizi linakataa nini? Msichomeke kwa Lutema mpaka nije niutazame huo umeme."

Nikasema ndiyo Mzee, tukarudi Sibwesa, na nikachomeka palepale kwa Lutema. Na kweli baada ya siku kadhaa Mzee akapiga simu, anataka kuja, anaulizia usafiri. Nikamwambia, "Usijisumbue Mzee, liko sawa sasa." Taa tatu za kijani zilikuwa zinawaka mbele yangu wakati namwambia hivyo. Nilimdanganya mzee wa watu ili asije akanizuia kuuza.

Ilikuwa kiangazi, na bado tumepaki kwa Lutema. Udongo umekauka mpaka umepasuka. Tukaanza kusikia kitu ukishika mlango wa tela umesimama chini: kama sisimizi, kama ganzi ndogo kwenye kiwiko. Kuna mchunga ng'ombe mmoja alikuja kununua soda akaegemea bati, akaruka na fimbo yake.

"Mama, tela lako linauma!"

Watu wakacheka. Wengine wakaja kuligusa makusudi, wanashindana nani ataacha mkono. Kisha yakazuka maneno kwamba tela la yule Mpimbwe limewekwa dawa, mwizi akilishika ananasa hapohapo mpaka mwenyewe arudi. Unajua Wapimbwe tunavyosemwa kwa uchawi. Mimi ningeweza kukanusha. Sikukanusha, mwanangu. Nilipenda. Tulikuwa wanawake wawili tunalala kwenye bati pembeni ya mnada, na kuanzia siku hiyo hakuna mtu aliyetusogelea ovyo. Mtu akiniuliza kama kweli lina dawa, nilikuwa nacheka tu na kusema, "Jaribu uone."

Minza yeye lilimkera. Maana mpekupeku ndiye liliyekuwa linamuuma zaidi.

"Wifi, hili dude siku moja litaning'ata kweli. Tumwite Mzee."

"Vaa ndala," nikamwambia.

Mvua ya kwanza ilinyesha alfajiri ya siku ya mnada. Mpaka saa tatu uwanja wote ni tope, harufu ya ardhi imepanda, watu wanafurahi kwamba sasa watalima. Nilikuwa ndani nakaanga vitunguu. Minza alikuwa nje anaosha mchele kwenye beseni, miguu kwenye tope, anamtania mteja mmoja kwamba suruali yake imepandishwa kama ya mvuvi wa Kapalamsenga. Nikasikia hatua zake zinakuja. Beseni mkono wa kushoto, mkono wa kulia akashika nondo ya mlango ili apande.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo watu hawaamini. Beseni lilianguka, mchele ukamwagika, na yeye akabaki ameshika ile nondo, macho ananitazama mimi. Nilidhani ananitania. Nikasema, "Acha mchezo, mchele huo." Ndipo nikaona mishipa ya shingo yake imekakamaa.

Nikaruka chini nikamshika kiunoni kumvuta. Kuanzia hapo kumbukumbu yangu imekatika. Nimeambiwa mteja yule wa suruali alikimbia akang'oa waya kwenye ukuta wa mashine kwa kuupiga na mti mkavu. Mimi nilizinduka tope limejaa mdomoni, ndala moja mguuni. Nadhani ndala ndizo zilizoniokoa. Minza hakuzinduka.

Mazishi yalikwisha, na yale maneno niliyoyafuga yakanigeukia. Si mimi niliyekuwa nasema jaribu uone? Basi wakasema dawa nimeijaribu kwa Minza. Wakasema Mpimbwe amemtoa wifi yake kafara ili tela liuze. Mama mkwe wangu, aliyenipokea na maziwa siku naolewa, alihamisha mkeka wake nilipokaa karibu naye msibani.

Mzee Kasonso alikuja bila kuitwa. Hakunilaumu hata kwa jicho, na afadhali angenilaumu. Akamwomba Masanja aende naye Sibwesa, nami nikafuata, mkono umefungwa bandeji. Akaenda nyuma ya mashine ya Lutema pale waya wa ardhini unapoingia kwenye udongo. Akaushika, akauvuta kidogo. Ukatoka wote mkononi kama mzizi wa mchicha. Mwisho wake umekatwa. Chini hapakuwa na kitu.

"Lutema, shaba iko wapi?"

Lutema akasema wezi. Mfanyakazi wake mmoja, mtu mzima mwenye watoto, akatema mate pembeni. "Sema ukweli bosi. Uliichimba wewe ukawauzia wale wa chuma chakavu, sisi ukatupa mabuti."

Kisha Mzee akafungua gadi ya Gervas kwa bisibisi. Ndani, mwanangu, kulikuwa na vitaa vitatu na vipande vya waya vinavyopitisha umeme moja kwa moja. Hakuna kingine. Kazi yake ilikuwa kuwaka kijani. Na ule waya mrefu wa tela ulikuwa umechubuka pale unapopita kwenye chuma, umeme ukawa unavujia kwenye bati kila siku. Lile sanduku la kwanza halikuwa bovu. Lilikagua njia ya kwenda ardhini likakuta haipo, likakataa, kama alivyotueleza Mzee.

Masanja aliona yote kwa macho yake. Mama yake hakuja kuona. Aliporudi kumweleza habari za shaba na waya, mama akamuuliza kwa nini basi umeme ulimchagua Minza ukaniacha mimi. Baada ya mavuno Masanja alinisindikiza kwetu Mpimbwe, akashusha mzigo wangu, akasimama kidogo uani, akaondoka. Gervas alihamisha duka. Lutema bado anasaga, nasikia sasa amejenga.

Nimewataja kwa sababu nimechoka kusikia watu wanasema ni kazi ya Mungu. Mungu hakuchimba shaba. Lutema alichimba. Gervas aliuza taa tupu akijua ni taa tupu. Na mimi, Anastazia, nililirudisha sanduku, nikamdanganya Mzee, nikaacha watu waseme dawa kwa sababu ilinifaa. Watatu. Kwenye kile kijiji bado wananihesabia mimi peke yangu, kwa kosa ambalo sikulifanya, na lile nililolifanya hakuna anayeniuliza.

Kwa hiyo mwanangu, gadi nunua ile inayokagua waya wa ardhini na kukata, siyo inayowaka tu. Mwambie fundi akuonyeshe inavyokata kabla hujatoka dukani. Kila unapopaki, kwenye mashine au gesti au kwa padri, tafuta waya wa ardhini kwa macho yako na uutikise. Gadi ikikataa, hama, hata kama mnada umejaa na jirani anauza. Bati likikutekenya hata kidogo, chomoa umeme siku hiyo hiyo na uite fundi. Usicheke, usiwaite watu waje kugusa, wala usimwambie mwenzako avae ndala. Na ukimkuta mtu amenaswa, usimshike kama nilivyomshika mimi. Kata umeme kwanza. Mimi ningekata kwanza, labda leo Minza angekuwa hapa anakuambia mwenyewe, na angekuchekesha kuliko mimi.

Nenda salama na tela lako. Mungu akutangulie kwenye kila mnada, ardhi unayoikanyaga ikupokee kwa upole, na anayefanya kazi pembeni yako umrudishe kwao mzima kama ulivyomchukua.